Kidonda cha unyayo hakiponi kikiendelea kukanyagiwa

Wazee wetu wenye kisukari wanapoulizwa kidonda cha unyayo kilianzaje, wengi hujibu kwamba hawajui. Hawafichi jambo. Kisukari kikikaa mwilini miaka mingi, hasa kisipodhibitiwa, huharibu mishipa ya fahamu, na ile mirefu zaidi, iendayo miguuni, ndiyo huathirika mwanzo. Mguu hufa ganzi polepole. Mwenye mguu huo hukanyaga msumari akaendelea na safari yake, huvaa kiatu kinachombana tangu asubuhi hadi Isha asijue, na siku anapoona damu kwenye soksi huwa jeraha limeshazeeka.

Kilichotusukuma kuandika ni kwamba katika familia nyingi juhudi zote huelekezwa kwenye dawa. Vidonge hununuliwa, asali hupakwa, bendeji hubadilishwa kila siku. Kisha mzee husimama juu ya kidonda kile kile na kwenda zake. Hakuna dawa ya kupaka inayoweza kushindana na uzito wa mtu mzima unaoshuka mahali pamoja mara elfu kadhaa kwa siku.

Elimu hii ilianza kwa wagonjwa wa ukoma kabla ya kuwafikia wa kisukari. Mwaka 1946 daktari mpasuaji Mwingereza, Paul Brand, alifika Vellore, kusini mwa India. Zama hizo wengi waliamini kwamba ukoma wenyewe ndio unaokula vidole na nyayo. Brand alibaini kwamba ukoma huua hisia, na sehemu kubwa ya uharibifu huletwa na shughuli za kila siku: sufuria ya moto, mpini wa jembe, kiatu kibaya. Wako walioamka asubuhi wamepungukiwa na nyama ya vidole. Walipokeshewa, ikaonekana ni panya, na wagonjwa wakagawiwa paka. Msomaji asidhani hicho ni kisa cha mbali. Mwaka 2005 madaktari wa Tanzania waliandika katika jarida la kitabibu kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini.

Baadaye Brand alihamia Carville, katika jimbo la Louisiana, Marekani, na huko yeye na wenzake wakachunguza kwa kina jinsi mgandamizo unavyoharibu mguu usiohisi. Msumari na kipande cha chupa hueleweka: nguvu kubwa juu ya eneo dogo. Kiatu chembamba nacho hufanya kazi yake kimya kimya, kwa kuwa mgandamizo mdogo usioondolewa kwa saa nyingi huzuia damu kupita na nyama ikafa. Lakini ulio wa hatari zaidi, kwa kuwa haumtishi mtu, ni ule wa kutembea kwa kawaida. Hatua moja haidhuru, wala mia hazidhuru. Zikirudiwa maelfu mahali pale pale, nyama ya ndani huvimba na kupata joto kabla ngozi haijaonyesha dalili yoyote. Mwenye hisia kamili huanza kuchechemea bila kufikiri, akahamishia uzito upande mwingine, na mguu ukapumzika. Asiyehisi hutembea kwa mwendo ule ule mpaka ngozi inapasuka.

Mahali panapoumia mara nyingi ni chini ya kidole gumba, chini ya maungio ya vidole pale mbele ya unyayo, na kisigino. Mwili hujaribu kujilinda kwa kuota sugu, na hapo ndipo wengi hukosea wakidhani sugu ni ngao. Katika mguu wenye ganzi, sugu ni kama kokoto iliyogandishwa ndani ya kiatu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1992 ulionyesha kwamba kuiondoa sugu kulipunguza mgandamizo mahali hapo kwa takriban robo. Kazi hiyo ni ya mhudumu wa afya aliyefunzwa, si ya wembe wa nyumbani wala ya dawa za kuunguza sugu.

Kidonda kikishatoka, tiba yake ya kwanza, pamoja na kuangalia damu na vijidudu, ni kukiondolea mzigo. Kwa kidonda kinachofaa tiba hiyo, wataalamu hufunga plasta ngumu inayoshika unyayo wote hadi karibu na goti, mfano wa ile ambayo mitaani huitwa muhogo. Plasta hiyo hugawa uzito mguu mzima, na mgonjwa hana uwezo wa kuivua. Sharti hilo la mwisho ni zito kuliko linavyosikika. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani waliwapima wagonjwa waliopewa viatu maalumu vinavyovulika, wakakuta vimevaliwa kwa asilimia 28 tu ya hatua zao. Inaelekea wengi huvaa hiki kiatu wakitoka na kukivua wakiingia nyumbani, kana kwamba jikoni, uani na msalani si kutembea.

Hapa tuseme jambo ambalo huenda lisitarajiwe kutoka kwa watu wa kamati ya msikiti. Mzee mwenye kidonda cha unyayo anayetembea kwa mguu kuja jamaa vipindi vitano husifiwa sana, na sisi hatuungi mkono sifa hiyo. Mgonjwa ana udhuru wa jamaa na wa Ijumaa, na asiyeweza kusimama ana ruhusa ya kukaa. Daktari akisema mguu upumzike majuma sita, basi naaswali nyumbani kwenye kiti majuma sita, na sisi tumfuate kumjulia hali. Kuhusu udhu juu ya bendeji, amuulize imamu wake. Sheria imeliwekea jambo hilo nafasi.

Kwa ambaye bado hana kidonda, udhu wenyewe ni fursa kubwa. Mara ngapi kwa siku mtu mwingine hugusa katikati ya vidole vyake vya miguu? Baada ya kuosha, pafutwe pakauke, kisha mguu utazamwe, unyayo kwa kioo au kwa macho ya mjukuu. Mgongo wa mkono upitishwe pande zote mbili: palipo na joto kuliko mahali kama hapo kwenye mguu wa pili pana tatizo. Kwa kipimajoto, tofauti ya nyuzi 2.2 za Selsiasi inayoendelea hutosha kuwa onyo. Maji ya moto yapimwe na mtu mwingine mwenye hisia, si kwa mguu huo.

Katika kikao cha tahiyatu, vifundo na vidole hubanwa sakafuni. Mwenye ganzi aviangalie, na kiti si aibu. Msikitini kwetu tumeruhusu wazee hawa waje na makubazi yao hadi ukingoni mwa mkeka, kwa sababu sakafu ya uani wakati wa Adhuhuri huunguza. Wanaojiandaa kwa hija wakumbuke kwamba sa'yi peke yake, mizunguko saba, ni takriban kilomita tatu. Wazungumze mapema na daktari na mwanachuoni wa msafara kuhusu ndala laini safi za kuvaa humo.

Kiatu kinunuliwe jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, nacho kizidi urefu wa mguu kwa sentimita moja hadi mbili kwa ndani, kisiwe na mshono mgumu. Mkono uingizwe ndani kila kabla ya kuvaa. Tumewahi kusikia kijiwe cha tasbihi kikitolewa humo.

Na mguu ukivimba, ukawa mwekundu au wa moto, mpelekeni mzee hospitali siku hiyo hiyo hata akisema hauumi, kwa maana huenda ni vijidudu, au mifupa imeanza kuvunjika ndani.