Kujishusha si kukatwa springi

Injili ya leo, Jumapili ya 22 ya Mwaka C, inatupeleka mezani. Yesu yuko nyumbani kwa mkubwa mmoja wa Mafarisayo. Anawatazama wageni wanavyogombea viti vya mbele, kisha anawashauri waende wakaketi mahali pa mwisho. Nimeihubiri Injili hii mara nyingi. Leo naomba tupitie gereji kwanza, maana ni fundi wa magari aliyenionyesha kwamba nilikuwa naihubiri vibaya.

Miaka michache iliyopita askofu wangu alinituma Marekani, kupita parokiani kuomba misaada kwa ajili ya jimbo letu. Nilipangiwa kaskazini mwa New Mexico, katika bonde la Española. Wengi wa watu wa huko ni wa asili ya Kihispania, Wakatoliki tangu enzi za mababu. Jirani yao ni Chimayó, kwenye kikanisa cha matofali ya udongo kilichomalizika kujengwa mwaka 1816, ambako kila Ijumaa Kuu maelfu ya mahujaji hufika kwa miguu. Lakini Española inasifika pia kwa magari yaliyoshushwa hadi karibu yaguse lami, yanayoendeshwa polepole ili kila mtu ayaone.

Nilitoka sakristia nikaona moja limeegeshwa nje ya kanisa: pikapu ya Chevrolet C10 ya mwaka 1969, nyekundu iliyoiva, na Mama Maria wa Guadalupe amechorwa kwenye mlango wa nyuma. Ilikuwa chini mno. Kwetu pikapu ikiwa chini namna ile ujue imepakia magunia ya mkaa, na mbele trafiki anaisubiri. Nikamwonea huruma mwenye gari, nikamwambia springi zake zimekufa. Mzee yule, wa miaka kama 70, alicheka sana. “Padre, haijavunjika. Imeshushwa.” Kesho yake akanikaribisha gereji kwake, nyuma ya nyumba.

Akanipa historia kidogo. Baada ya vita kuu ya pili, vijana wa Kimeksiko wa Los Angeles waliotaka magari yao yawe chini waliweka mifuko ya mchanga kwenye buti, au walikata springi. Jimbo la California likatunga sheria kwamba hakuna sehemu ya gari inayoruhusiwa kuwa chini kuliko ukingo wa rimu. Ndipo mwaka 1959 kijana wa San Bernardino, Ron Aguirre, akafunga kwenye Corvette yake mitambo ya haidroliki iliyotoka kwenye ndege: polisi akitokea gari linainuka, akishapita linashuka. (Sisi mapadri mtambo huo tunao. Askofu akija kutembelea parokia tunashuka vizuri sana.)

Pikapu ya mzee haikuwa na haidroliki. Alikuwa ameishusha inchi 4 mbele na 6 nyuma, na kazi ile ilimchukua majira ya baridi mazima. Mbele hakugusa springi kwa msumeno. Alibadilisha kile chuma kinachobeba gurudumu, akaweka kingine ambacho gurudumu linakaa juu zaidi, hivyo gari likashuka na springi ikabaki na urefu wa kufanya kazi yake. Nyuma aliweka springi fupi zilizotengenezwa hivyo tangu kiwandani. Shokapu za zamani zilikuwa ndefu mno kwa kimo kipya, akafunga fupi. Eksele ya C10 hushikwa na fito moja ili isiende kushoto wala kulia; gari likishuka, fito ile huisukuma eksele upande mmoja, kwa hiyo akafunga nyingine inayorekebishika. Bushi zote mpya.

Kisha akanilaza chini ya gari, nami na shati langu jeupe la kipadri, akanionyesha chesisi. Juu ya eksele, kila upande, alikuwa ameikata nusu duara. Nilishtuka. Chesisi ni uti wa mgongo wa gari. Nani anaukata uti wa mgongo? Akaniambia nitazame vizuri: pale palipokatwa alikuwa amezungushia chuma kinene kuliko chesisi yenyewe. Gari likishushwa kiasi kile, alisema, chesisi inaisogelea eksele. Shimo la kwanza tu, eksele inapanda na kugonga chuma kwa chuma. Lazima utengeneze nafasi ya kupokea pigo, na mahali ulipotengenezea nafasi uongeze nguvu.

Nilimuuliza kuhusu mizigo, maana baba yake aliitumia kubebea majani ya ng’ombe. Alijibu kwamba haibebi tena kama zamani. Alilijua hilo kabla ya kuanza, akaamua mwenyewe.

Nikiwa naondoka niliiona kwenye kona springi iliyokatwa kwa gesi. Ilitoka kwenye gari la kijana aliyetaka njia ya mkato. Ukikata mizunguko miwili, gari linashuka siku hiyohiyo na kwa macho linapendeza. Lakini springi iliyokatwa inakuwa ngumu kuliko nzima, na nafasi ya kupanda na kushuka imekwisha, kwa hiyo kila shimo la barabarani linaingia moja kwa moja kwenye mwili wa gari na mgongo wa dereva. Mzee akaipiga teke. “Huyu alitaka gari liwe chini, lakini kazi hakuitaka.”

Usiku ule sikupata usingizi, kwa sababu ya mama mmoja.

Nilipokuwa padri kijana, mama huyo alikuja ofisini kwangu. Haikuwa kitubio, na ameniruhusu niandike haya bila kutaja jina lake. Mume alikuwa anampiga, wakwe wanamcheka. Nilimfungulia Waraka kwa Wafilipi, sura ya pili, utenzi ule wa Kristo aliyejinyenyekeza hata mauti ya msalaba. Nikamwambia ashuke, anyamaze, amshinde mumewe kwa unyenyekevu. Nilikuwa na miaka miwili tu tangu upadrisho, na nilijiona nimefundisha kitu kizuri. Alikwenda akafanya kama nilivyosema. Mwaka uliofuata nilimpelekea Sakramenti hospitalini, mkono na mbavu vimevunjika.

Nilikuwa nimekata springi. Alikuwa chini tayari, chini kabisa, mimi nikamwondolea na ile nafasi ndogo iliyobaki. Sikumwita mume. Sikuuliza kama ana ndugu wa kumpokea, wala sikumpeleka kwa mwenyekiti wa mtaa.

Basi isome tena Injili ya leo pamoja nami. Yesu anawaambia akina nani wakaketi mahali pa mwisho? Wanaogombea viti vya mbele, watu wenye uwezo wa kuchagua. Hawaambii wanaopakua chakula; hao hawana kiti cha kushuka kutoka kwake. Halafu anamgeukia mwenye karamu, mwenye nyumba na mamlaka, anamtaka awaalike maskini na vilema, yaani atengeneze nafasi. Na katika ule utenzi wa Wafilipi, Kiswahili chetu kinafafanua vizuri kuliko mahubiri yangu: imeandikwa alijinyenyekeza. Hiyo “ji” inabeba imani nzima. Hakunyenyekezwa na mtu. Aliyekuwa na kimo chote aliamua mwenyewe kushuka, kama yule mzee na pikapu ya baba yake, akijua atapoteza nini. Ukimchukua aliyeshushwa kwa mfuko wa mchanga na kumwambia yuko sawa na Kristo, unamtetea mwenye mfuko.

Niliporudi nyumbani nilimtafuta mama yule. Siku hizi anauza vitenge sokoni, anaishi na watoto wake, na amenenepa. Nilimwomba msamaha hapohapo, kati ya majora ya vitambaa. Hakunirahisishia. Alikunja kitenge kimoja polepole, akakiweka juu ya vingine, ndipo akasema: “Baba, mimi unyenyekevu nilikuwa nao. Nilikosa pa kwenda.”

Mteja akaingia, akamhudumia. Alipomaliza alinieleza kwamba binti yake wa pili anaolewa, na anataka nifungishe mimi ndoa hiyo, kwa sababu ndimi niliyembatiza. Ila akaweka sharti: somo lile la Wafilipi lisisomwe, au likisomwa, nimtazame bwana harusi ninapolifafanua.

Harusi ni Jumamosi ya pili ya mwezi ujao. Tumekubaliana lisomwe. Bwana harusi nimemwita ofisini Alhamisi hii, aje peke yake.