Tangi la samaki nyumbani: Panda mimea kwanza, samaki wangoje

Ndugu msomaji, huenda umewahi kuliona tangi la samaki katika ukumbi wa hoteli au katika chumba cha kumngojea daktari wa meno, ukatamani kuwa na lako sebuleni. Wengi wenye tamaa hiyo hununua tangi na samaki siku moja, hulijaza maji ya mfereji jioni hiyo hiyo, na kabla juma la pili halijaisha samaki huwa wanaelea matumbo juu. Lawama humwendea muuzaji, kwamba aliuza samaki wagonjwa. Mara nyingi sivyo. Samaki hao huuawa na maji ambayo hayakuwa tayari kuwapokea.

Je, tangi la samaki linahusu nini ukurasa wa afya? Linahusu mambo mawili. Kwanza, kutazama samaki hutuliza moyo. Uchunguzi uliofanywa Plymouth, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba watu waliotazama tangi kubwa la maonyesho walipungukiwa na mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na kadiri viumbe walivyoongezwa tangini ndivyo watazamaji walivyozidi kuburudika. Hiyo si tiba, na mwenye ugonjwa wa shinikizo la damu asiache dawa zake. Pili, tangi lisilotunzwa vyema laweza kuleta madhara nyumbani. Juma hili basi tunaeleza jinsi anayeanza anavyoweza kutengeneza tangi la maji baridi lenye mimea hai, hapa Eldoret kwenye baridi na hewa nyepesi.

Kwa nini samaki hufa mapema?

Samaki hula, hupumua na kutoa uchafu ndani ya maji yale yale. Uchafu huo hutoa amonia, ile ambayo harufu yake hukuchoma pua ukiingia katika banda la kuku lisilofagiliwa. Amonia huunguza mashavu anayopumulia samaki. Mtoni huchukuliwa na maji mengi, lakini tangini haina pa kwenda.

Wanaouondoa uchafu huo ni bakteria wazuri wanaoishi katika mchanga, juu ya mawe na ndani ya sifongo ya chujio. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo. Mimea nayo hunyonya amonia na naitreti kama mahindi yanavyonyonya mbolea. Tangi jipya halina bakteria hao wa kutosha. Huchukua majuma manne hadi sita kuongezeka, na katika maji ya baridi huchukua muda zaidi. Subira huvuta heri. Asiyeweza kungoja majuma sita heri asinunue samaki.

Tangi, meza na stima

Anayeanza asinunue tangi dogo mno, kwa kuwa maji machache huchafuka upesi na joto lake hubadilika ghafula. Tangi la urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30 hubeba lita 54. Ukijumlisha kioo, mchanga na mawe, uzito wake haupungui sana gunia la mahindi la kilo 90. Basi meza iwe imara, nayo isimame sawasawa. Usiliweke dirishani, kwani jua huotesha ukoga wa kijani na kuyapasha maji joto mchana, kisha usiku yakapoa.

Tahadhari na stima. Waya wa kila chombo uache uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji likiteremka lianguke sakafuni badala ya kuingia ndani ya soketi. Chomoa kila kitu kabla ya kutia mkono majini. Pampu ya hewa nayo ikae juu kuliko maji. Stima ikipotea, maji huweza kurudi kupitia mpira na kumwagika.

Udongo na mchanga

Mimea yenye mizizi huhitaji chakula. Diana Walstad wa Marekani, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1999, alieleza njia ambayo wengi wameifuata: tabaka la udongo wa kawaida chini, na changarawe au mchanga juu yake. Sentimita mbili au tatu za udongo, na kiasi hicho hicho cha mchanga, zatosha.

Hata hivyo, hapa Uasin Gishu ni lazima uchague udongo kwa makini. Usichukue udongo wa shamba la mahindi au ngano. Mbolea ya DAP ambayo mkulima huitia wakati wa kupanda ina amonia ndani yake, nayo ikiyeyuka tangini samaki hawatapona. Usichukue karibu na josho la ng'ombe, wala mahali palipopuliziwa dawa ya wadudu, kwa kuwa dawa hizo huua samaki hata zikiwa kidogo sana. Tafuta udongo wa mahali pasipolimwa, uchunge, utoe mizizi na majani.

Mchanga wa mto ni mzuri. Uoshe ndani ya ndoo mara nyingi hadi maji yatoke safi. Dondosha siki kidogo juu ya mawe unayotaka kuyatumia. Yakitoa povu yana chokaa, nayo yatabadilisha maji. Yaache.

Maji

Maji ya mfereji hutiwa klorini ili kuua viini vya kipindupindu na homa ya matumbo. Klorini hiyo hutulinda sisi, lakini huwadhuru samaki na kuua wale bakteria wazuri. Teka maji katika ndoo safi isiyowahi kutiwa sabuni, uyaache wazi kwa saa 24, na klorini itatoka. Funika ndoo kwa kipande cha chandarua ili hewa ipite bali mbu wasiingie, na uiweke mbali na mtoto mdogo, maana mtoto anaweza kufa maji hata ndani ya ndoo. Maji ya mvua pekee hayana madini ya kutosha. Yachanganye nusu kwa nusu na ya mfereji.

Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Wanariadha huja kwetu na Iten kufanya mazoezi kwa sababu ya hewa nyepesi, lakini samaki hakuchagua kuja. Maji yetu huweza kushika oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja kwa tano kuliko maji ya Mombasa yenye joto sawa. Kwa hivyo usijaze samaki wengi, na tumia pampu ndogo ya hewa yenye chujio la sifongo. Mimea hutoa oksijeni wakati wa mwanga tu. Usiku nayo huitumia kama samaki, kwa hivyo pampu isizimwe usiku.

Mimea ya kuanzia

Chagua mimea migumu. Valisneria ina majani marefu membamba kama utepe, nayo huota pia katika maziwa ya Afrika. Ceratofilamu ina majani kama sindano laini, haina mizizi, na hukua upesi ikinyonya amonia nyingi. Anubia, ambayo asili yake ni Afrika Magharibi na ya Kati, hufungwa kwa uzi juu ya jiwe; shina lake likizikwa mchangani huoza. Panda kwa wingi tangu siku ya kwanza, kwani mimea michache huacha nafasi kwa ukoga. Taa ya LED nyeupe iwake saa saba au nane kwa siku, si zaidi.

Usivune mimea ziwani wala katika mashamba ya mpunga. Konokono wadogo wanaojificha majanini ndio wanaobeba vijidudu vya kichocho. Konokono aliyekwisha kuambukizwa hutoa vijidudu hivyo majini, navyo hupenya ngozi ya mtu anayetia mkono. Nunua mimea kwa mtu anayeiotesha katika matangi yake. Hata hiyo ioshe, ukague majani upande wa chini, uondoe konokono na mayai yao yanayofanana na ute, kisha uiweke kando katika ndoo iliyofunikwa kwa majuma mawili huku ukiichunguza.

Majuma ya kungoja

Ukishapanda na kujaza maji, washa chujio. Kila baada ya siku mbili tia chembe chache tu za chakula cha samaki, zioze na kuwalisha bakteria. Badilisha robo ya maji kila juma. Majani mengine yatayeyuka na maji yatapata ukungu mweupe. Usitishike, hayo ni mambo ya tangi changa.

Maji matulivu yasiyo na samaki ni nyumba ya mbu. Mbu wa malaria hupendelea madimbwi ya nje, lakini mbu wa aina nyingine hutaga hata ndani ya nyumba. Funika tangi kwa kioo au chandarua. Ukiona viluwiluwi, vichote au ubadilishe maji. Usipulize dawa ya mbu katika chumba hicho, leo wala baadaye, kwa kuwa dawa nyingi za kupuliza ni sumu kali kwa samaki.

Utajuaje kwamba tangi liko tayari? Tumia karatasi au dawa za kupimia maji. Amonia na naitraiti zote zikisoma sifuri mara mbili, juma moja baada ya jingine, na mimea ikitoa majani mapya, waweza kwenda kununua samaki.

Samaki gani kwa baridi yetu?

Usiku wa Julai hapa mjini huweza kushuka hadi nyuzi 10 au chini yake. Ndani ya nyumba maji hayafiki hapo, lakini samaki wengi wanaouzwa hutoka nchi za joto. Gapi hupenda nyuzi 22 hadi 26. Huyo ahitaji kipasha joto cha stima. Asiyetaka gharama hiyo amtafute zebra danio, samaki mdogo mwenye mistari ya buluu kutoka India na Bangladesh, anayestahimili nyuzi 18. Nunua kipimajoto, ujue hali ya maji yako kabla ya kuchagua.

Samaki wa dhahabu hafai tangi hili. Hukua kupita sentimita 20 na kung'oa mimea. Wala usichukue vifaranga vya tilapia kutoka bwawa la jirani. Watakua, nao watakula bustani yako.

Anza na samaki watano au sita. Elea mfuko waliokuja nao juu ya maji kwa dakika 20 ili joto lilingane, kisha uwatoe. Walishe mara moja kwa siku, kiasi wanachokimaliza kwa dakika mbili. Samaki wengi huuawa na ukarimu wa watoto wenye mkebe wa chakula mkononi. Endelea kubadilisha robo ya maji kila juma, na sifongo uioshe kwa maji uliyoyatoa tangini, si ya mfereji.

Afya ya familia

Nawa mikono kwa sabuni baada ya kushika tangi, na watoto vilevile, maana maji hayo huweza kuwa na viini vya kuharisha. Vyombo vya tangi visioshwe katika sinki la jikoni. Usivute maji kwa mdomo kupitia mpira. Ujaze mpira maji kwanza, uzibe ncha kwa kidole, kisha uachilie ndooni. Maji uliyoyatoa ni mbolea nzuri ya maua.

Mwenye kidonda mkononi avae glavu. Kuna bakteria wa samaki, jamaa wa wale wa kifua kikuu, ambao huingia penye mchubuko na baada ya majuma machache huleta uvimbe au kidonda kisichopona kidoleni au mkononi. Hauambukizwi kutoka mtu hadi mtu, lakini matibabu yake huchukua miezi. Ukiona hivyo nenda hospitali, na umweleze daktari kwamba unafuga samaki. Asipojua, huenda akakupa dawa isiyofaa.

Usitupe mtoni

Ukichoka na tangi, mpe mwingine. Usimwage mimea wala samaki katika Mto Sosiani. Maji yake huingia Mto Kipkaren, kisha Nzoia, na hatimaye Ziwa Victoria. Gugu-maji, mmea wa Amerika Kusini uliosambazwa duniani kwa ajili ya maua yake mazuri, lilionekana ziwani humo mwishoni mwa miaka ya 1980, na hadi leo huziba njia za wavuvi wa Kisumu na kuwapa makao konokono wa kichocho. Mimea iliyozidi ianike juani ikauke kabisa, kisha uitie kwenye lundo la mboji.

Ndugu msomaji, gharama kubwa ya tangi la mimea si fedha bali ni muda. Ukiyapa maji majuma yake sita, utapata bustani ndogo inayojisafisha kwa sehemu kubwa, na samaki watakaoishi miaka badala ya siku. Ukiwa na swali kuhusu samaki, waone maafisa wa uvuvi wa kaunti. Kuhusu kidonda, homa au kuharisha, mwone daktari.