Tuzipe majina sauti tulizorithi

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu.

Katika nyumba nyingi za pwani yetu, kuanzia Tanga mjini hadi Pangani, na ng'ambo ya mto huko Bweni na Mwera, kanda za zamani zimehamishiwa kwenye simu. Visomo vya Qur'ani, kaswida za madrasa, maulidi na mawaidha ya masheikh waliotutangulia mbele ya haki, vyote vimeenea katika kadi ndogo kuliko ukucha. Hiyo ni neema. Lakini tukiifungua kadi hiyo twakuta nini? Mafaili yamerundikana kama kuni. Moja lina namba tu. Jingine limekuja kwa WhatsApp, na jina lake ni herufi AUD na tarehe ambayo ni ya kutumwa, si ya kurekodiwa.

Wanazuoni wa hadithi walituachia kipimo: kila riwaya iwe na isnadi, na msimulizi asiyejulikana huidhoofisha riwaya yake. Nasi tujiulize: mawaidha yasiyo na jina la msemaji, pahala wala mwaka, mjukuu atayategemea vipi? Atasikia hukumu ya dini asijue kauli ni ya nani. Atasikia kaswida asitambue kwamba mwenye sauti hiyo ndiye babu yake.

Mpangilio nao una heshima yake. Aya tano za mwanzo za Suratul Alaq ndizo zilizotangulia kuteremka, nayo katika mus-hafu ni sura ya 96. Hatupangi tupendavyo. Mwaka 1961, huko Misri, kisomo kizima cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary kilipotolewa katika santuri, msikilizaji aliweza kuufuata mus-hafu toka mwanzo hadi mwisho. Leo tunauvuruga wenyewe bila kujua. Mafaili yakipewa namba 1 hadi 114, vyombo vingi hutazama tarakimu ya kwanza, si thamani ya namba. Baada ya 1 hufuata 10, kisha 100. Mtoto humaliza Al-Fatiha akaingia Yunus, kisha Al-Adiyat. Na Al-Baqara huwa ya 27. Dawa yake ni nyepesi: tuandike tarakimu tatu kila mahali, 001, 002, mpaka 114. Baadhi ya redio za kuchomeka flashi hufuata utaratibu wa kunakili, hivyo tunakili sura kwa zamu yake. Na ile alama ya kuchanganya tuizime.

Kwa kaswida na mawaidha, tutenge folda kwa kila aina, na jina la faili litaje msomaji, mada, pahala na mwaka. Faili la MP3 lina pia nafasi ya maelezo ndani yake, lakini utaratibu wa awali, wa mwaka 1996, uliruhusu herufi 30 tu kwa jina. Chombo cha zamani chaweza kulikata jina refu, basi neno lenye uzito litangulie. Tusipoujua mwaka, tuandike kuwa haujulikani. Kubuni ni kumzulia maiti.

Enyi wazazi, kazi hii haiwezi kungoja. Simu ikiharibika, pengine jirani ana nakala. Lakini mzee anayeitambua sauti kwa kusikia pumzi yake tu hana nakala. Wiki hii, baada ya Isha, vijana na wakae naye, wamchezee faili moja moja, waandike anayoyasema. Kisha nakala ya pili iwekwe kwa ndugu aliye mji mwingine.

Twamuomba Allah awarehemu wenye sauti hizo, na atujaalie kuwa warithi waaminifu. Amin. Wabillahi tawfiq.