Rubani anaposema ameona UFO: Kwa nini wataalamu hawamwamini moja kwa moja?

Alfajiri ya Ijumaa, 9 Novemba 2018, rubani wa British Airways aliyekuwa akitoka Montreal kwenda London aliwaita waongoza ndege wa Shannon, Ireland, akiwa na swali moja: je, kuna mazoezi ya kijeshi eneo hili? Kuna kitu chenye mwanga mkali kilikuwa kimepita ubavuni mwa ndege yake kwa kasi kubwa sana, kisha kikakata kuelekea kaskazini.

Jibu la Shannon: hakuna mazoezi, na kwenye rada hakuna kitu.

Mara akaingia rubani wa Virgin, naye ameona. Mwingine akasema kasi ile ilikuwa kama mara mbili ya kasi ya sauti. Sauti zao zilirekodiwa, zikasambaa mitandaoni, na kwa siku kadhaa dunia ikawa na hoja nzito: hawa si walevi wanaorudi nyumbani usiku. Ni marubani. Kama wao hawajui walichokiona, nani atajua?

Mamlaka ya anga ya Ireland ilichunguza na kuhitimisha kwamba kuna uwezekano mkubwa vilikuwa vimondo, yaani vipande vya mawe ya angani vinavyoungua vikiingia kwenye hewa ya dunia. Wengi hawakuridhika. Na ubishi huo haukuanza mwaka 2018.

Meli yenye madirisha

Julai 24, 1948, karibu saa tisa usiku, Clarence Chiles na John Whitted walikuwa wakiendesha ndege ya abiria ya Eastern Air Lines, aina ya DC-3, karibu na Montgomery, Alabama. Walisema waliona kitu kirefu kama sigara, kisicho na mabawa, chenye safu za madirisha yanayong'aa na moto nyuma yake. Kiliwapita kwa karibu, kikapanda juu, kikapotea. Tukio zima lilichukua sekunde chache.

Abiria mmoja tu ndiye aliyekuwa macho wakati huo. Yeye aliona nini? Mstari wa mwanga. Basi. Hakuna meli wala madirisha.

J. Allen Hynek, mwanaastronomia aliyekuwa akilishauri jeshi la anga la Marekani kuhusu UFO, alisema huenda ni kimondo. Walioamini wakacheka: kimondo kina madirisha?

Jibu zuri lilipatikana miaka 20 baadaye. Machi 3, 1968, mabaki ya roketi ya Kisovieti iliyorusha chombo cha Zond 4 yaliungua juu ya anga ya Marekani. Watu wengi waliona, na baadhi yao waliandika kwamba wameona chombo kimoja kirefu chenye madirisha. Kwa kweli vilikuwa vipande tofauti vinavyoungua, vimefuatana. Ubongo uliona nukta za moto gizani, ukaziunganisha, ukajaza mwili wa meli katikati.

Hawakudanganya. Hilo ni muhimu kulielewa, maana mjadala huu mara nyingi unaharibiwa na watu wanaodhani kuna majibu mawili tu: ama rubani ni mwongo, ama viumbe wa sayari nyingine wamefika.

Lakini si wamefundishwa kuangalia angani?

Wamefundishwa, ila wamefundishwa kuangalia hatari. Mwandishi wa masuala ya anga James Oberg, aliyewahi kufanya kazi na NASA, amekuwa akisisitiza hoja hii kwa miaka mingi: mwanga wa ghafla ukitokea mbele, kwa rubani ni salama zaidi kudhani ni ndege inayokuja kuliko kudhani ni nyota. Akikosea kwa upande huo, hakuna anayekufa. Kwa hiyo tabia inayomfanya rubani awe mzuri kazini ndiyo hiyohiyo inayomfanya aone "chombo" pale penye mwanga tu.

Ongeza na giza. Usiku, juu ya bahari, hakuna mti wala jengo la kulinganisha. Ukiona nukta ya mwanga usiyojua ukubwa wake, huwezi kujua umbali wake. Na usipojua umbali, hata kasi hujui. Taa ndogo iliyo karibu na taa kubwa iliyo mbali sana zinaonekana sawa kabisa. Ukikodolea macho nukta moja gizani kwa muda, inaweza hata kuonekana inatembea wakati imetulia tuli.

Hynek mwenyewe, ambaye baadaye alilichukulia suala la UFO kwa uzito kuliko wanasayansi wengi wa wakati wake, alipopitia ripoti zilizokusanywa alikiri kwamba marubani si mashahidi bora kama watu wanavyodhani.

Na wakati mwingine kosa hilo linaumiza watu. Usiku wa 14 Januari 2011, Boeing 767 ya Air Canada ilikuwa juu ya Atlantiki ikitoka Toronto kwenda Zurich. Rubani msaidizi alikuwa ametoka kuamka usingizini. Nahodha akamwambia kuna ndege ya jeshi la Marekani inakuja upande wa pili. Akatazama nje, akaona mwanga mkali, akadhani ndiyo yenyewe. Kumbe ni sayari ya Zuhura. Nahodha akamwelekeza ilipo ndege halisi, futi 1,000 chini yao. Alipoiona, akahisi iko juu yao na inawashukia. Akasukuma usukani mbele, ndege ikainamisha pua.

Abiria 14 na wahudumu wawili walijeruhiwa. Abiria walioumia hawakuwa wamefunga mikanda.

Hapo hakuna aliyetaja UFO. Lakini ni macho yaleyale, giza lilelile, na mtu mwenye leseni.

Kesi ya Alaska

Novemba 17, 1986, nahodha Kenju Terauchi wa Japan Air Lines alikuwa na Boeing 747 ya mizigo iliyobeba mvinyo kutoka Ufaransa kwenda Japan. Juu ya Alaska aliripoti taa zilizomfuata kwa muda mrefu, na kisha kitu kikubwa kuliko meli ya kubeba ndege za kivita.

Wanaoamini husema: hata rada iliona. Na kweli, kuna wakati rada ilionyesha alama karibu na ndege hiyo. Shirika la usafiri wa anga la Marekani, FAA, lilichunguza na mwaka 1987 likasema alama ile ilikuwa mwangwi wa ndege yenyewe, na kwamba halikuweza kuthibitisha kilichoripotiwa. Ndege ya United iliyopita eneo hilo iliiona ndege ya Terauchi, lakini haikuona kitu kingine. Wenzake wawili ndani ya ndege walikubali kulikuwa na taa; ile meli kubwa ilibaki ya nahodha peke yake. Mwandishi Philip Klass alidai taa hizo ni sayari za Mshtarii na Mirihi. Hata kati ya wenye mashaka, si wote walioona maelezo hayo yanatosha.

Terauchi alizungumza na waandishi wa habari. Baadaye aliondolewa angani na kupewa kazi ya ofisini. Marubani wengine waliona na wakajifunza kukaa kimya.

Taa mpya: Starlink

Tangu 2022 marubani wengi, hasa juu ya Pasifiki, wameripoti taa zinazozunguka kama magari ya mashindano: inawaka, inazima, inatokea tena palepale. Video zipo nyingi.

Hapa wenye mashaka wana ushahidi mzuri kuliko popote. Mick West, aliyekuwa mtengenezaji wa michezo ya video, alichukua muda na mahali pa ndege, akaweka na njia za satelaiti za Starlink, ndiyo hiyo inayouza intaneti Kenya na Rwanda. Zikalingana. Satelaiti hizo ziko kama kilomita 550 juu. Kwa rubani ni usiku, lakini huko juu jua bado linazipiga. Kila satelaiti ikifika kwenye pembe fulani inaakisi mwanga kama kioo, kisha inazima, na inayofuata inafika palepale. Rubani anaona kitu kimoja kinachorudi. Kumbe ni foleni.

Utafiti uliotolewa 2024 ulichambua taarifa za marubani watano katika ndege mbili waliokuwa juu ya Pasifiki tarehe 10 Agosti 2022. Jibu lilikuwa hilohilo: Starlink.

Basi, wanyamaze?

Hapana, na hapa wenye mashaka wakubwa na wanaoamini wanakutana kidogo. Kitu kisichojulikana mbele ya ndege yenye abiria 300 ni suala la usalama hata kama ni puto, droni au kipande cha roketi. Ryan Graves, rubani wa zamani wa jeshi la majini la Marekani, aliliambia Bunge la nchi hiyo Julai 2023 kwamba matukio mengi hayaripotiwi kwa sababu marubani wanaogopa kuharibu kazi zao.

Jopo huru la NASA, katika ripoti yake ya Septemba 2023, halikupata ushahidi kwamba vitu hivi vinatoka nje ya dunia. Lakini lilikubali kwamba aibu inaua taarifa, na likapendekeza kutumia mfumo wa siri ambao NASA inauendesha tayari, ambapo marubani huripoti makosa na hatari bila majina yao kutangazwa.

Januari 2024 wabunge Robert Garcia na Glenn Grothman, mmoja Democrat na mwingine Republican, walipeleka muswada wa kuwalinda marubani wa kiraia wanaoripoti. Bunge hilo lilimaliza muda wake Januari 2025 bila kuupitisha.