Tupimwe Alfajiri, Kabla ya Chai

Wapo ndugu zetu wanaogundua kuwa wana kisukari pale kidonda cha mguu kinapokataa kupona, ilhali kiu na haja ndogo za usiku zilikwisha wabishia hodi zamani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwakuta nacho takriban watu 9 katika kila 100 wenye miaka 25 hadi 64.

Tunawaomba vijana wetu wanaosomea udaktari na uuguzi, warudipo Mpanda likizo, waanzie misikitini baada ya Sala ya Alfajiri. Aliyekaa saa 8 bila kula yu tayari kwa kipimo: tone moja la damu kidoleni. Kikisoma 7.0 au zaidi, akarudie hospitali. Kina mama nao wapimwe madrasani, kabla chai haijamiminwa. Na chai yetu, tukiri, sukari tunaimwaga.