Tanga likishaanuliwa, mtoto anabaki na nani?

Msiba ukitokea, watu wetu hawangoji kufundishwa. Turubai linafungwa, masufuria yanakusanywa, vijana wanakwenda kuchimba kaburi, na mfiwa haachwi peke yake. Pengo linaonekana baadaye, tanga likishaanuliwa na wageni wakarudi makwao. Anayeumia zaidi kwa pengo hilo ni yule ambaye hata msibani hapewi pole: mtoto.

Huyu hupelekwa kwa jirani akacheze. Akiuliza, anaambiwa baba amesafiri. Akilia, anaambiwa ajikaze asimlize mama. Wakubwa hufanya hivyo kwa huruma, lakini mtoto asiyeelezwa hujitungia maelezo yake, na mara nyingi hujitwisha lawama: nilimkasirisha, ndiyo maana hakurudi.

Kwamba jamii inaweza kufundishwa kumsaidia mtoto huyu ni jambo lililopimwa Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya, mjini na vijijini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulihusisha watoto 640 wa miaka 7 hadi 13, waliofiwa na mzazi mmoja au wote na waliokuwa bado wakiteswa na kumbukumbu za kifo hicho. Washauri wao hawakuwa madaktari wa akili, bali watu wa kawaida waliopewa mafunzo na kusimamiwa. Katika vikao 12 vya vikundi, watoto walikaa na kundi lao na walezi na lao. Watoto walijifunza kutaja wanachohisi, kutuliza mwili, kisha kusimulia kidogo kidogo yaliyotokea. Walezi walijifunza kuwasikiliza.

Vikao vilipokwisha, katika maeneo matatu kati ya manne watoto waliohudhuria walikuwa na nafuu kuliko wenzao katika utafiti waliopata huduma za kawaida tu. Baada ya mwaka, tofauti hiyo ilidumu upande wa Kenya. Tanzania, makundi yote mawili yalikuwa yamekaribiana.

Yapo ambayo hata jirani asiye na mafunzo anaweza kuyafanya. Mwambie mtoto ukweli kwa lugha nyepesi: baba amekufa, hatarudi, na si kosa lako. Mweleze mazishi yatakavyokuwa, kisha umwache achague kwenda au kubaki. Mtaje marehemu kwa jina mbele yake. Mwarifu mwalimu wake, ili utoro au ukimya wa darasani usichukuliwe kuwa utundu. Miezi ikipita naye bado halali, hali wala hachezi, apelekwe hospitali.

Vikundi vya kuzikana na jumuiya za dini tayari vina viongozi, michango na katiba. Katiba hizo hutaja nani ananunua sanda au jeneza na nani anapika. Ziongezewe kifungu kimoja: nani atakwenda kwa wafiwa mwezi wa tatu na wa sita baada ya msiba, akakae na watoto.