Kisanduku Namba 11

Siku yangu ya mwisho jeshini nilipewa karatasi nikaambiwa niisome vizuri kabla ya kutia sahihi. Niliisoma, lakini macho yangu yaliishia kisanduku namba 1, pale penye jina. Kwa miaka minane jina langu la Kimombasa lilikuwa limeandikwa kila namna: herufi zikizidi, herufi zikipungua, mara jina la baba limekaa mahali pa langu. Siku hiyo lilitoka bila kosa. Nilifurahi kama mtu aliyelipwa deni, nikatia sahihi, nikaenda zangu. Kisanduku namba 11 sikukitazama.

Karatasi hiyo inaitwa DD 214. Kila anayemaliza utumishi wa kudumu katika majeshi ya Marekani huondoka nayo, na imekuwa na jina hilo tangu 1950. Haina sura ya kutisha: ni visanduku tu vilivyojazwa kwa herufi kubwa. Lakini ukitaka mkopo wa nyumba wa maveterani, utaulizwa karatasi hiyo. Ukitaka kusomeshwa, ni hiyo. Hata siku ukifa, bendera ya kufunikia jeneza hutolewa kwa kuonyesha karatasi hiyo.

Kisanduku namba 11 ndicho kinachosema ulikuwa nani kazini. Katika jeshi la nchi kavu kila kazi ina namba yake, na askari huiita MOS. Mpishi ni 92G. Tabibu wa vitani ni 68W. Mtunza stoo ni 92Y, na dereva wa malori ni 88M. Ndani ya kisanduku huandikwa namba, jina la kazi, na muda ulioifanya kwa miaka na miezi. Kama ulifanya kazi mbili, zote mbili zinapaswa kuonekana, kila moja na muda wake.

Mimi nilifanya mbili. Niliingia jeshini 2009 nikiwa na grini kadi, nikafundishwa ustoo huko Fort Lee, Virginia. Miaka minne nilihesabu buti, mahema na vipuri. Mwaka 2013 nikaomba kubadilishiwa kazi, nikakubaliwa, nikapelekwa Fort Leonard Wood, Missouri, kujifunza malori. Tangu hapo hadi natoka, 2017, nilikuwa nyuma ya usukani. Mwaka 2015 nilikuwa Kuwait, nikivuta trela kwa gari la M915 kutoka kambi ya Arifjan kwenda Buehring, vumbi la jangwa likiingia hadi kwenye meno.

Kisanduku changu namba 11 kilisema hivi: 92Y, mtunza stoo, miaka 7 na miezi 10. Basi. Malori hayakutajwa. Miaka minne ya barabarani ilikuwa imemezwa na stoo.

Niligundua miezi mitatu baadaye, na aliyenigundulia ni mama mmoja wa ofisi ya leseni. Marekani kuna utaratibu unaowasaidia askari madereva: kama uliendesha magari makubwa ya jeshi kwa miaka miwili bila rekodi mbaya, jimbo linaweza kukusamehe mtihani wa vitendo wa leseni ya malori. Sharti lake kubwa ni muda. Uombe ndani ya mwaka mmoja tangu uache kazi hiyo ya udereva. Nilifika kaunta nikiwa na karatasi yangu kwenye bahasha, kifua mbele. Yule mama akaipitishia kidole taratibu, akafika katikati, akasimama. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba yeye anaona mtu wa stoo.

Nikacheka nikidhani ni utani. Nikamwambia mimi nimevuta tani ngapi jangwani, muulize yeyote. Akanijibu kwamba hawezi kuuliza yeyote. Anaweza kuuliza karatasi.

Kosa kama hili hutokeaje? Mara nyingi si ubaya wa mtu. Karani anayetayarisha DD 214 hakujui. Hutoa habari zako kwenye kumbukumbu za kompyuta, na kumbukumbu hizo hujazwa na makarani wengine waliokutangulia kambi baada ya kambi. Kama amri ya kukubadilishia kazi ilitolewa lakini hakuna aliyeiingiza, basi kwa kompyuta wewe hujabadilishwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kumbe na jasho ni mali.

Kulirekebisha kosa kuna milango miwili. Wa kwanza ni ofisi inayotunza kumbukumbu za tawi lako la jeshi. Kama kosa ni la uandishi na ushahidi uko wazi ndani ya faili, ofisi hiyo hutoa karatasi nyingine iitwayo DD 215, inayosema: futa hiki, andika hiki. DD 215 haichukui nafasi ya DD 214. Huambatana nayo kama trela na kichwa chake, na ukiionyesha moja bila ya nyingine umeonyesha nusu ya habari.

Mlango wa pili ni Bodi ya Marekebisho ya Kumbukumbu za Jeshi. Zamani askari aliyeandikwa vibaya ilimbidi ambembeleze mbunge amtungie sheria ya peke yake, sheria nzima kwa ajili ya mtu mmoja. Bunge lilichoka na kazi hiyo, na mwaka 1946 likaamua shughuli hiyo ifanywe na bodi za raia, si wanajeshi. Unajaza fomu ya DD 149, unaeleza kosa, unaambatanisha ushahidi. Hulipi kitu, na huhitaji wakili. Uombe ndani ya miaka mitatu tangu ulipogundua kosa, ingawa bodi inaweza kukusamehe kuchelewa ikiona haki inadai hivyo. Ila jambo moja lisikupite: bodi huanza kwa kuamini kwamba karatasi iliandikwa sawasawa. Wewe ndiye unayepaswa kuonyesha kinyume chake.

Mimi nilibisha mlango wa kwanza kwa pupa. Nilituma barua za rafiki zangu wawili tuliokuwa nao Kuwait, na picha yangu nimekaa kwenye M915, mkono nje ya dirisha, meno yote nje. Jibu lilikuwa fupi: faili halina amri ya kunipa kazi ya 88M. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaisoma tena ile barua nikaona wana hoja. Picha inathibitisha kwamba nilikaa kwenye lori. Haithibitishi kwamba nilipewa lori.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Jeshini watu hufanya kazi zisizo zao kila siku. Nimemjua mpishi aliyeendesha lori mwaka mzima kwa sababu madereva walikuwa pungufu, na fundi magari aliyekaa lindoni zaidi kuliko gereji. Kisanduku namba 11 hakiwahesabu hao. Hakiandiki jasho, huandika amri. Mpishi yule akienda mbele ya bodi na barua za mashahidi 20, bado ataambiwa alikuwa mpishi aliyesaidia kuendesha. Mimi tofauti yangu na yeye ilikuwa karatasi moja, na sikuwa nayo.

Nilipekua kila kitu. Nikapata kadi yangu ya udereva ya jeshi, ile inayojazwa kila gari unaloruhusiwa kuendesha. Nikapata cheti cha shule ya Missouri, kimekunjwa mara nne. Vyote vilikuwa ushahidi mzuri wa pembeni, lakini amri yenyewe haikuonekana. Nikakumbuka kwamba kabla ya kwenda Kuwait nilifunga nguo na vikorokoro vyangu kwenye sanduku, nikalituma nyumbani Likoni kwa mama.

Nikampigia simu.

“Mama, lile sanduku lilikuwa na makaratasi?”

“Makaratasi tele, mwanangu. Mazuri, mazito.”

“Yako wapi?”

Kimya kidogo. “Kuna mengine nimetandikia kabati. Chini ya leso.”

Nikamwomba ampe simu mpwa wangu. Nikasikia droo ikivutwa, leso zikitolewa, mama akilalamika kwamba zimekunjwa vizuri zisivurugwe. Dakika kumi baadaye picha zikaanza kuingia kwenye simu yangu moja moja. Risiti ya mshahara. Orodha ya sare. Ya nne ilikuwa na muhuri wa tai juu, upande wa kushoto, na duara hafifu la chini ya chupa ya mafuta ya nazi katikati. Chini ya duara lile lilikuwepo jina langu, lina kosa la herufi moja, na mstari unaosema nimeondolewa 92Y na kupewa 88M, pamoja na tarehe.

Nilikaa kitako nikashukuru Mungu kwamba mama hana desturi ya kutupa kitu.

Si kila mtu ana kabati la mama. Julai 12, 1973, moto uliwaka katika kituo cha kumbukumbu za wanajeshi nje kidogo ya St. Louis, Missouri, ukateketeza kati ya mafaili milioni 16 na 18. Mengi yalikuwa ya askari wa nchi kavu walioacha kazi kati ya 1912 na 1960, watu wa vita mbili za dunia na wa Korea. Hapakuwa na nakala. Wazee wale na wajane wao wamelazimika kuunganisha maisha yao ya jeshini kwa vipande: hati za mishahara, barua za zamani, vyeti vya nishani. Faili likiungua kule, karatasi iliyobaki kwako ndiyo faili.

Nilijaza DD 149, nikaambatanisha amri, cheti na kadi ya udereva, nikapeleka kwa bodi. Safari hii sikueleza mateso yangu. Niliandika sentensi tatu: kisanduku kinasema nini, kinapaswa kusema nini, na ushahidi uko ukurasa wa ngapi. Halafu nikangoja. Kungoja ndiyo sehemu ngumu, kwa sababu kesi hizi zinaweza kula mwaka na zaidi. Ule mwaka wangu wa kusamehewa mtihani ukapita nikiwa nangoja. Nililipa, nikakodi lori, nikafanya mtihani pamoja na vijana ambao hawajawahi kurudisha trela nyuma hata hatua moja. Nilifaulu, lakini pesa ile iliniuma.

Bodi iliponikubalia na DD 215 kufika, leseni nilikuwa nayo tayari. Lakini masikio yangu huvuma usiku tangu Kuwait, na Idara ya Masuala ya Maveterani ina orodha inayopima kila kazi ya jeshi kwa uwezekano wa kukutana na kelele za kudhuru. Anayepitia dai lako hutazama kwanza namba ya kazi yako. Stoo na lori havilii sauti moja. Kwa hiyo karatasi ile ilichelewa kwa jambo moja, ikawahi kwa jingine.

Ukiwa na kijana wako anayejiandaa kutoka jeshini, mwambie mambo machache. Asome visanduku vyote, si jina tu, na ajumlishe miaka na miezi ya namba 11 aone kama inalingana na kumbukumbu zake. Aweke nakala ya kila amri mahali pawili. Akikosea kama mimi, asione haya kwenda kwa vyama vya maveterani kama American Legion au DAV, maana vina watu wanaosaidia bure. Na aanze mapema, kwa sababu saa za ofisi na saa za maisha hazisogei pamoja.

Nilimtumia mama picha ya DD 215, nikamsomea kwa Kiswahili.

“Kwa hiyo sasa wameandika kuwa wewe ni dereva?”

“Wameandika, Mama.”

“Mimi mtaa mzima nimewaambia tangu mwaka ule. Hao wako wapi hata habari iwachelewe hivyo?” Kisha akauliza kama ile karatasi ya zamani imeshamaliza kazi yake, maana droo ilikuwa wazi na leso zilikuwa zikishika vumbi.

Nikamwambia hapana, Mama. Ile usiitandikie tena.